Uzoefu wangu: Arduino Uno kwa mawimbi mraba ya masafa ya chini

Natengeneza kaunta za mapigo, zile zinazofungwa kwenye mita za maji. Mita hutoa mapigo taratibu mno, pengine moja kila sekunde mbili, na ukitaka kujua kama kaunta ni nzima huwezi kukaa bombani kutwa ukifungulia maji. Nikanunua Arduino Uno R3, bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu, nakala isiyo na jina, inipe mawimbi mraba, yaani umeme unaowaka na kuzima kwa zamu sawa, ya hezi 0.5 hadi 10. Kwa kazi hii inatosha na kubaki, mradi uachane na njia za mkato.

Wengi huanza na tone(), amri ya Arduino ya kutoa mawimbi kwenye pini. Kwenye Uno haishuki chini ya hezi 31, kwa sababu inategemea taima (kihesabu muda cha ndani ya chipu) ya biti 8, isiyoweza kuhesabu mbali. delay(), amri ya kusubiri, inawasha na kuzima pini vizuri tu, lakini ukiongeza skrini au kitufe kwenye programu, kila kitu kinasubiriana na mapigo yanaanza kuyumba.

Raha iko kwenye Timer1, taima nyingine ya chipu hiyohiyo. Ni ya biti 16, na ukishaipanga inaigeuza pini 9 yenyewe, programu yako iwe inafanya lolote. Mistari ni minne:

pinMode(9, OUTPUT);
TCCR1A = _BV(COM1A0);
TCCR1B = _BV(WGM12) | _BV(CS12);
OCR1A = 31249;

Hapo umepata hezi 1. Saa inayoendesha chipu, ya megahezi 16, imegawanywa kwa 256, halafu kwa 2 kwa kuwa wimbi moja lina mageuzi mawili, ikabaki 31250. Igawe kwa masafa unayotaka, toa 1, jibu uliweke kwenye OCR1A. Hezi 0.5 ni 62499. Hezi 10 ni 3124. Wala huhitaji osiloskopu kuhakiki: multimita ya mshale, volti za DC, waya mmoja pini 9 na mwingine GND. Kwenye hezi 0.5 mshale unaruka hadi karibu volti 5, unakaa sekunde moja, unaanguka sifuri, unakaa tena sekunde moja. Mimi bado napenda kuutazama.

Utapoteza PWM (analogWrite) ya pini 9 na 10, na maktaba ya Servo, ya kuendesha mota za servo, haitakubali, maana nayo inaitaka taima hiyohiyo.

Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya usahihi. Katika muundo wa Uno R3, kristali (kijenzi kinachoipa chipu mapigo ya saa) unayoiona karibu na tundu la USB inahudumia chipu ya USB. ATmega328P, chipu kuu inayoendesha programu yako, inapata mapigo yake kwa resoneta ya kauri, na resoneta za aina hiyo zinaweza kupotoka hadi asilimia 0.5. Kwa kaunta ya maji, nani atajua? Kwa saa ya ukutani hizo ni dakika 7 na zaidi kwa siku. Anayetaka saa achukue moduli ya saa ya DS3231 na atumie hezi 1 ya pini yake ya SQW.

Halafu jihadhari na pawabenki. Nyingi zikiona Uno inanyonya umeme kidogo hudhani simu imejaa, zinajizima katikati ya jaribio. Chaja ya simu ya ukutani haina mambo hayo.

Ningenunua leo, ningechukua Nano ya kawaida, bodi ndogo zaidi ya Arduino: chipu ileile, mistari ileile, pini D9, na inaingia kwenye kiboksi cha kubeba saiti.