Seti ya deraya ya kuanzia: chapeo ibaki, koti lishonwe Mombasa

Seti hii huuzwa mtandaoni kwa wanaotaka kuingia katika michezo ya kuigiza mashindano ya mashujaa wa Ulaya wa Zama za Kati, yale ya kupigana kwa miguu, bila farasi, kwa upanga na ngao. Kashani mna vipande sita: chapeo ya pipa, koti la kujazwa liitwalo gambesoni, shati la deraya ya pete, glavu za chuma, upanga butu na ngao. Tangazo linadai kazi ya mnunuzi ni kuvaa na kuingia uwanjani. Kwa Mombasa hilo si kweli, na joto ni sehemu tu ya sababu. Kinachostahili fedha yake ni chapeo. Glavu zinatengenezeka. Koti lafaa kushonwa hapa mjini. Shati la deraya ni la kutundikwa ukutani, na upanga haufai kabisa kuingia kwenye pambano.

Tuanze na chapeo, maana ndiyo inayobeba uhai wa mtu. Utosini chuma kina unene wa milimita 2, ubavuni 1.6. Vipimo hivi vichukuliwe kwa kalipa baada ya kasha kufunguliwa, kwa sababu wauzaji huandika geji, namba ambayo ikipanda chuma huwa chembamba zaidi, na geji 18, ambayo ni kama milimita 1.2, ni ya mapambo tu. Anayefikiria kumpelekea fundi wa jua kali bati la kuezekea amkunjie chapeo ajue kwamba mabati ya geji 30 hayafiki hata nusu milimita. Pigo la kwanza litayabonyeza kama sufuria ya zamani.

Kasoro ya pipa ni umbo. Utosi wake ni bapa, kwa hiyo pigo la kutoka juu hutua kwa uzito wake wote na kushuka hadi shingoni. Chapeo zenye utosi uliochongoka hutelezesha upanga ukaenda kando. Mwenye nafasi ya kuchagua achukue yenye ncha, hata kama haimvutii kwenye picha.

Ndani, seti imekuja na mikanda ya ngozi inayoning'iniza kichwa kisigusane na chuma. Wazo ni zuri, ila mikanda yenyewe ni laini mno na hulegea ikishalowa jasho. Suluhisho ni kubandika vipande vya sponji ngumu ya mikeka ya mazoezi: utosini, kisogoni, kwenye mapaji na kwenye taya. Kati ya fuvu na chuma pabaki angalau unene wa vidole viwili. Kisha mkanda wa kidevu: ufungwe, mtu ainame na kutikisa kichwa kwa nguvu mbele, nyuma na pembeni. Chapeo ikibaki nyuma kichwa kinapogeuka, bado haijakaa. Mkanda wa nukta moja chini ya kidevu hautoshi. Unatakiwa unaogawanyika mara mbili kila upande, mbele na nyuma ya sikio. Sponji zitengenezwe seti mbili, moja ikauke huku nyingine inatumika, vinginevyo kwa unyevu wa pwani zitaota ukungu kabla ya mwezi kwisha.

Tundu la macho lina upana wa sentimita moja, nalo ni sawa. Society for Creative Anachronism, chama kilichoanzia Berkeley, California, mwaka 1966 na ndicho kilichoeneza mapambano ya fimbo za henzirani badala ya panga za chuma, kinataka mbele ya chapeo pasiwe na upenyo wa kuingiza kijiti cha milimita 25. Kanuni hiyo haikutoka hewani. Mfalme Henri II wa Ufaransa alikufa mwaka 1559 kwa vibanzi vya mkuki uliovunjika na kupenya mbele ya chapeo yake katika mashindano ya sherehe. Matundu ya kupumulia ndiyo tatizo kubwa zaidi kwetu: yako upande wa kulia pekee. Kwa mpanda farasi wa kale ilikuwa na maana, kwa kuwa kushoto ndiko ulikoelekea mkuki wa mpinzani. Huku tunapigana kwa miguu, basi toboa pande zote mbili, matundu ya milimita 6, yote chini ya mstari wa macho, yaachane sentimita 2, na kingo zipigwe tupa kisha msasa.

Sasa koti. Mtu asiyezoea hudhani deraya ndiyo inayomkinga. Kumbe chuma huzuia makali, na kinachomeza kishindo ni nguo iliyo chini yake. Agizo la Louis XI wa Ufaransa katika karne ya 15 lilitaka makoti ya askari yawe na tabaka 25 hadi 30 za kitambaa pamoja na ngozi ya paa. Koti la seti hii lina ganda la pamba lililojazwa nyuzi za poliesta. Likiwa jipya linapendeza na ni jepesi. Likilowa, jasho hubaki ndani, hewa haipiti, na ule ujazo hukusanyika chini ya kila mfereji wa mshono, mabega yakabaki na vitambaa viwili vitupu. Yaani limepungua pale pale panapopigwa zaidi.

Fundi cherehani wa Mombasa anaweza kushona bora kuliko hilo, akipewa maelezo sahihi. Nje na ndani iwe marekani, ile isiyopaushwa. Ifuliwe na kukaushwa mara mbili kabla ya kukatwa, kwa sababu hunywea. Katikati ziwekwe tabaka za blanketi kuukuu za pamba: nane kifuani, mgongoni na mabegani, nne mikononi. Kwapani paachwe wazi kabisa, pasiwe na kitu. Mkono utainuka na hewa itapita. Sufi ya mito isitumike, maana hulala ikipigwa na haiinuki tena. Mifereji ya mshono iende wima, ikiachana sentimita 4 au 5.

Hapo ndipo mafundi wengi hukosea: kila mfereji hula upana wa nguo. Kifua kilichopimwa sentimita 100 kikatwe 115 au zaidi kidogo, la sivyo koti likimalizika halifungiki. Sindano ya nyumbani itavunjika kwenye tabaka kumi. Inatakiwa namba 110/18 na cherehani ya kushonea ngozi, au mshona magodoro mwenye shazia na subira. Urefu ufike katikati ya paja. Likikamilika huwa na kilo 3 hadi 4 likiwa kavu, na jasho huliongezea uzito.

Kulisafisha: liloweshwe kwenye maji baridi yenye sabuni kidogo, lisikamuliwe kwa kusokotwa, lianikwe likiwa limepinduliwa ndani nje juu ya mti mpana, si kwenye hanga. Harufu huondoka kwa kunyunyiza siki kipimo kimoja kwa maji vipimo vinne, mbali na chuma.

Shati la deraya ni la pete zilizokunjwa zikakutanishwa ncha bila ribiti, yaani vijipini vya kuzifunga. Waya wake ni milimita 1.6, kipenyo cha pete milimita 10, na shati zima linapita kilo 10. Shika pete moja kwa koleo mbili uvute: hufunguka bila jasho. Zitaanza kufunguka kwapani na kwenye kiwiko, ambako uzito wa mkono unavuta, na kila pete iliyoachia ina ncha mbili za kuchana koti. Deraya yenye ribiti haina ugonjwa huo, ila ni ghali mara kadhaa. Ya alumini ni nyepesi sana, lakini hupaka nguo weusi. Kwa pambano la henzirani, ukweli mchungu ni kwamba pete hazipunguzi kishindo cha fimbo kwa kiasi cha maana. Ni mzigo wa mabegani tu. Anayezitaka kwa ajili ya sura afunge mshipi mpana kiunoni kwa nguvu na kuinua deraya kidogo juu yake, ili nyonga zibebe sehemu ya uzito.

Glavu zina bati la milimita 1 juu ya vidole, limefungwa kwa ribiti kwenye ngozi nyembamba. Kidole gumba kimeachwa bila kinga ubavuni, nacho ndicho kinachotangulia kukutana na fimbo ya mwenzio. Vua bati, weka chini yake sponji ngumu ya milimita 6 kuanzia kifundo cha mkono hadi ncha za vidole, ongeza kipande cha gumba kinachozunguka nusu, kisha rudisha ribiti. Kunja ngumi: bati mbili zikibana nyama katikati, punguza kwa tupa.

Upanga. Fungua kifundo cha mwisho wa mpini utazame msuka, yaani sehemu ya upanga inayoingia ndani ya mpini. Kwenye seti hii ni ujiti mwembamba kama kalamu uliounganishwa kwa welding kwenye upanga wa chuma kisichoshika kutu. Huo utakatika pale pale penye welding, na upanga mzima utaruka kuelekea watazamaji. Upanga wa pambano la chuma huwa wa chuma cha springi, msuka umetokana na ubapa wenyewe na upana wake haupungui nusu ya ubapa, kingo zina unene wa milimita 2 zikiwa zimeviringwa, na ncha ni duara kama ya sarafu. Uzito ni kati ya kilo 1.1 na 1.5. Baada ya kila raundi kingo hupitishwa tupa, kwa kuwa meno madogo yanayojitokeza hukata kama msumeno.

Kwa anayeanza, fimbo ya henzirani ni bora kuliko upanga wowote: unene usiopungua milimita 32, imefungwa tepu ya nguo kutoka ncha hadi mpini. Henzirani ikichoka hutawanyika kama ufagio na kulainika, ndipo hutupwa. Fito za mikoko zisitumike kamwe. Ni nzito, na zikipasuka hutoa vibanzi vyenye ncha. Mtu aliyecheza kirumbizi atakuwa tayari na miguu na jicho, lakini abadilishe nia: kule bakora hukutana na bakora kwa mdundo wa ngoma na zumari, huku pigo linatafuta mwili.

Ngao ya bati iliyomo kashani ni ya ukutani. Plaiwudi ya baharini ya milimita 12, kingo zikivishwa mpira wa maji uliopasuliwa kwa urefu, inatosha. Plaiwudi ya kawaida huachana tabaka kwa unyevu wetu.

Kinachoudhi zaidi ni vilivyokosekana. Hakuna kinga ya shingo, wala ya magoti, viwiko, figo au sehemu za siri. Bila kinga ya shingo mtu asiruhusiwe hata kwenye mazoezi. Katika pambano la chuma la vikundi, liitwalo buhurt, mchezaji hutolewa akigusa ardhi kwa nukta ya tatu, yaani goti, mkono au mwili mbali na nyayo mbili. Kwa hiyo kuanguka ni kawaida, na goti lisilo na kinga juu ya mawe ya matumbawe halidumu.

Kuhusu wakati: kaskazi, hasa kuanzia Januari hadi Machi, si msimu wa kuvaa koti la tabaka kumi. Miezi ya kusi, Juni hadi Septemba, hewa ni nafuu, na hata hapo mazoezi yaanze saa kumi na nusu jioni. Raundi ziwe za dakika mbili, na chapeo ivuliwe kila baada ya raundi. Jumla ya muda ndani ya mavazi isizidi dakika ishirini bila kupumzika kivulini. Madafu yanasaidia lakini yana sodiamu kidogo, basi chumvi chembe iongezwe. Mwenzako akianza kujibu vitu visivyoeleweka, au ngozi ikiwa moto na jasho limekatika, usimuulize kama yuko sawa. Mvue chapeo kwanza, kisha koti, mfunike leso zilizoloweshwa shingoni, kwapani na kwenye nyonga, na apelekwe hospitali.

Na kutu. Hewa ya chumvi huanza kazi usiku ule ule. Chuma kifutwe kwa kitambaa chenye maji matamu, si ya kisima chenye chumvi, kikaushwe, kisha kipakwe mafuta ya cherehani kidogo. Mafuta ya nazi huganda na kuoza, yakashika vumbi. Deraya iliyopata kutu huwekwa kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na mchanga mkavu na kuviringishwa dakika ishirini. Mchanga uwe wa mto. Wa ufukweni una chumvi, utarudisha kutu kabla ya wiki kwisha. Hifadhi iwe kwenye mfuko wa nguo, kamwe si wa plastiki.

Jambo dogo kwa wanaotaka kupiga picha mbele ya Fort Jesus: ngome ilianza kujengwa mwaka 1593, na chapeo ya pipa ni ya karne ya 13. Askari wa Kireno wa wakati huo walikuwa wakivaa kofia za chuma zilizo wazi usoni, kwa hiyo picha hiyo itawachekesha wanaojua. Ruhusa iombwe ofisini kwanza. Na anayevuka Likoni na vifaa vyake afunge upanga ndani ya mfuko mrefu pamoja na chapeo, kwa sababu askari wa feri hatapima unene wa kingo kabla ya kumweka kando.