App ya bajaji na teksi hapa Dar, naipa nyota nne
Jamani hii app naikubali, juzi Mwenge mpaka Kariakoo dereva kafika kunichukua ndani ya dakika 5 na wala hajaniambia nikanseli safari ili tuelewane bei pembeni, maana hilo ndo lilikuwa linanikera kuliko yote. Mnakumbuka 2022 LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu) walivyoshusha kamisheni ambayo app zinawakata madereva hadi asilimia 15, Uber wakasimamisha huduma mwezi wa nne, baadae ikapandishwa 25 ndo wakarudi 2023. Madereva walikuwa na haki kulalamika, mafuta yao, marejesho ya gari yao, ila sheria ikigeuka ghafla hivi vikampuni vichanga vya hapa bongo ndo vinaumia zaidi, havina mtaji wa kusubiria. Nyota moja nimekata sababu ya ramani, maeneo ya Sinza inawapoteza madereva njia kila siku.