Chokaa au saruji kwa nyumba kuukuu ya matofali

Nyumba ndogo za matofali ya kuchoma zilizojengwa zamani kando ya makanisa, kwa kawaida, zilishikanishwa kwa chokaa. Viungo kati ya matofali vikianza kumomonyoka, mafundi wengi Nairobi watakuletea saruji: ipo kila duka la vifaa, na kesho yake imeshika.

Tatizo ni kwamba saruji huwa ngumu kuliko tofali lenyewe, tena haipitishi unyevu vizuri. Maji yaliyoingia ukutani yakikosa njia kwenye kiungo hutokea usoni mwa tofali, chumvi ikijikusanya humo hadi uso ukabanduka maganda. Ukiona kiungo kimetokeza nje huku tofali limeliwa, hiyo ni kazi ya saruji.

Chokaa hupitisha unyevu, na ukuta ukicheza kidogo haipasuki ovyo. Ila ina masharti. Loweka chokaa ya mfuko usiku kucha (vaa glavu, inaunguza), kisha changanya sehemu 1 kwa 3 za mchanga wa mto uliooshwa na kuchekechwa. Chimbua kiungo kwa patasi, kina mara mbili ya upana wake. Grainda hukata kingo za matofali. Lowesha, shindilia tabaka kwa tabaka, halafu funika kwa magunia mabichi kama wiki moja. Jua la Januari likiikausha haraka, inabaki unga. Masika nayo huiosha, kwa hiyo panga kazi kati ya Juni na Septemba.

Saruji iache kwenye mfereji na njia ya miguu.