Robben au Overmars: winga gani wa Uholanzi?

Ubishi wa nani mkali zaidi kati ya Arjen Robben na Marc Overmars hauishi vijiweni. Kwa magoli ya timu ya taifa, Robben yuko mbele: 37 katika mechi 96, Overmars 17 katika 86. Na silaha yake ilikuwa ileile kila wiki: anapokea kulia, anakata ndani, anaachia shuti la kushoto. Beki anajua, kipa anajua, na bado nyavu zinatikisika. Mwaka 2012, akiwa Bayern Munich, alikosa penalti kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya dhidi ya Chelsea. Fainali ya 2013, Wembley, dakika ya 89, akausukuma mpira taratibu ukampita kipa wa Dortmund, Bayern wakabeba kombe.

Overmars alikuwa mbio tupu, na mguu wowote ulimtii. Machi 1998, akiwa Arsenal, aliwaacha mabeki wa Manchester United kwao Old Trafford, akafunga bao pekee. Arsenal wakamaliza msimu na mataji mawili.

Majeraha? Yaliwaandama wote, ila goti lilimstaafisha Overmars akiwa na miaka 31 (alirudi kidogo baadaye). Robben alijikongoja hadi 2021.

Timu yako ikimiliki mpira na wapinzani wakajazana nyuma, mchukue Robben. Mkiongoza bao moja huku wapinzani wamepanda wote, mpe mpira Overmars.