VPN ya kununua kama Linux yako haitumii systemd

Nimelipia miaka miwili ya VPN (huduma inayopitisha intaneti yako kwenye njia iliyofichwa) ambayo laptopu yangu haijaitumia hata siku moja. Kulikuwa na ofa, nikaingia. Laptopu ina Devuan, yaani Linux ya Debian iliyoondolewa systemd, programu inayoamsha huduma zote kompyuta inapowaka. Kifurushi kilisakinishwa bila shida, dirisha likafunguka, nikabofya kuunganisha, kikazunguka tu. Terminali ndiyo iliyosema kweli: mfumo huu haukuwashwa na systemd. Huduma kwa wateja wakanijibu nihamie Ubuntu, na kufikia hapo siku 30 za kurudishiwa pesa zilikuwa zimeisha.

Kwa hiyo sitagusa kasi wala idadi ya nchi. Hayo kila muuzaji anayapigia ngoma. Nauliza moja: kompyuta ikiwaka, nani anaiamsha VPN? Ubuntu na Debian zimetumia systemd tangu 2015. Linux nyingine zina waamshaji wao: Void ina runit, Alpine ina OpenRC, na Artix unachagua mwenyewe. Andika `ps -p 1 -o comm=` uijue yako kabla hujatoa pesa. Programu nyingi za VPN zina dirisha unaloliona na huduma ya nyuma inayofanya kazi yenyewe. Muuzaji akileta faili ya systemd peke yake, huduma haiamki, dirisha linabaki pambo.

Namba moja ni Mullvad, na sifichi kwamba naipendelea. Waswidi hawa wanatoza euro 5 kwa mwezi, bei ileile tangu 2009, bila kukufunga miaka miwili. Programu yao nayo huja na faili ya systemd, lakini huihitaji. Ingia kwenye tovuti kwa namba ya akaunti, pakua faili ya mipangilio ya WireGuard (teknolojia inayounda muunganisho wa VPN), iweke ndani ya /etc/wireguard kwa jina wg0.conf, kisha `wg-quick up wg0`. WireGuard imo ndani ya kerneli, kiini cha Linux, tangu toleo 5.6 la mwaka 2020, haijali mashine imewashwa na nani.

Angalia mambo mawili. Faili ile ina mstari wa DNS (seva inayotafsiri majina ya tovuti), na wg-quick huutekeleza kupitia amri ya resolvconf. Isipoikuta, inabomoa muunganisho wote. Sakinisha openresolv, ndiyo inayoleta amri hiyo. La pili lilinila jioni nzima: runit inataka programu inayobaki kazini, ilhali wg-quick humaliza na kuondoka. Runit inadhani imekufa, inaiamsha tena na tena, na kila mara unaambiwa wg0 ipo tayari. Sasa faili yangu ya run, ile runit inayoianzisha, inaita wg-quick kisha inaishia na `exec sleep infinity`, na faili ya finish, ya kuzimia, ina `wg-quick down wg0`. Imetulia. Alpine ni rahisi zaidi: tengeneza kiungo /etc/init.d/wg-quick.wg0 kinachoelekea wg-quick, halafu `rc-update add wg-quick.wg0`.

Ya pili ni Proton VPN ya Uswisi. Programu yake inategemea NetworkManager, msimamizi wa mitandao wa Linux, lakini programu hiyo iache. Tovuti inakupa faili za WireGuard hata kwa akaunti ya bure. Asiye na kadi ya benki aanzie hapa.

Ya tatu NordVPN. WireGuard yao wameifungia ndani ya programu yao kwa jina NordLynx, kwa hiyo unaitegemea programu yao, au urudi kwenye faili za OpenVPN, teknolojia ya zamani zaidi ya WireGuard.

Zile za dola moja na kitu: kama hazitoi faili, pita.

Kinachoniudhi ni tangazo. Wanachora pengwini, wanaandika "Linux", hawasemi Linux ipi. Bei ya mwezi inaandikwa kwa herufi kubwa, kumbe unalipa miaka yote kwa mkupuo, na muda wa kulipa upya ukifika bei inapanda. Mnaolipa kwa shilingi mnajua fedha hiyo ni nyingi kiasi gani.

Wale walioniuzia VPN ya miaka miwili nimewaandikia mara tatu kuomba faili tu, nitajisakinishia mwenyewe. Jibu lilikuja na kiungo cha kupakua Ubuntu. Nimezima malipo ya kujirudia.