Matofali ya mawe ya volkano: karakana moja ya Goma

Nilinunua matofali 400 ya ukuta wa nyuma katika karakana iliyo upande wa barabara ya Sake, ambako saruji huchanganywa na changarawe nyepesi ya volkano badala ya mchanga. Bei ilinivutia, lakini zaidi ilinivutia hesabu ya kaboni: ili saruji ipatikane, mawe ya chokaa huchomwa hadi kufikia nyuzi 1,450 hivi, na mawe yenyewe hutoa hewa ya ukaa mbali na moshi wa tanuri, ilhali changarawe hii mlima wenyewe umekwisha kuichoma.

Tofali ni jepesi, lina vitundu kama mkate, na plasta hulishika vizuri sana. Kasoro ni kwamba niliuziwa matofali yaliyomwagiliwa maji ili yakomae kwa siku tatu tu, hivyo yalipofika kwa chukudu 22, yaani baiskeli za mbao za kubebea mizigo, yalikuwa yamemeguka pembe, na sikurudishiwa chochote.

Nilipouliza kila mfuko wa saruji hutoa matofali mangapi, ili nijue kaboni ya kila tofali, msimamizi alicheka. Nchini Denmark, kuanzia 2023 hadi sheria ilipokazwa katikati ya 2025, jengo jipya lililozidi mita za mraba 1,000 halikukubaliwa likivuka kilo 12 za hewa ya ukaa kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, na Ufaransa ilianza kuweka ukomo wake mwaka 2022. Huko swali langu lingejibiwa kwa karatasi. Nitarudi kununua ya ukuta wa mbele, ila nitachagua mwenyewe yaliyoandikwa tarehe ya kufyatuliwa.