Nahau za Kiingereza: kamusi au muktadha?

Kwa nahau kama "break the ice", muktadha unatosha: soma sentensi iliyotangulia na inayofuata, utaona watu wasiofahamiana wanaanza kuzoeana. Lakini "kick the bucket" haikisiki kirahisi. Ukitafsiri neno kwa neno unapata mtu aliyepiga ndoo teke, kumbe amefariki. Hapo fungua kamusi, tafuta chini ya "kick" au "bucket", na usiishie kwenye maana. Soma pia maelezo ya matumizi. Nahau hiyo ni ya mzaha, na kuiandika kwenye salamu za rambirambi ni kuwaumiza wafiwa. Kwa hiyo ukiandika, tanguliza kamusi. Ukisoma riwaya, tanguliza muktadha, maana kusimama kila mstari kunaondoa ladha.